Oili ya trekta yetu ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa, na mnunuzi wa skrapu alikuwa njiani

Wakuu, mulembe, yaani amani kwenu, wa Uganda na wa Kenya, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni bibi wa Lumino, upande wa Busia ya Uganda. Shule niliachia P.3, kwa hiyo mkiona herufi imekimbia mahali pake, irudisheni wenyewe. Lakini haya yametokea mbele ya macho yangu, na waliokuwepo nitawataja kwa majina.

Marehemu mzee wangu, Egessa, aliacha trekta moja nyekundu. Ya zamani hasa. Alipofariki ilisimama nje misimu miwili ya mvua, kila mtu anasema kesho tutaweka turubai.

Mvua ya safari hii ikaanza. Mwanangu Wandera akaiwasha. Engine ikakubali, lakini gia zikawa ngumu, difu, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma, inalia ngwee-ngwee, na ile mikono ya nyuma ya kunyanyulia plau ikagoma kabisa.

Wandera akakata tamaa siku hiyo hiyo. Akampigia Hajji Sadiki, mfanyabiashara wa Busia town anayenunua vyuma vikuukuu. Hajji akasema, Ijumaa nakuja na lori.

Wakuu, mgongo wangu haukubali jembe tena. Trekta ikienda, shamba langu linabaki kichaka. Nikamwambia Wandera, "Nipe mpaka Alhamisi. Fundi mmoja tu aitazame."

"Mama, fundi atafufua maiti?"

"Wewe niitie Othieno, maiti niachie mimi."

Othieno ni fundi wa Rubongi, kule karibu na Tororo. Namjua tangu anabebwa mgongoni na mama yake, Awor wa Kisoko.

Alifika Jumatano asubuhi. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, akanionyesha. Nyeupe. Kama chai ya maziwa.

"Imekunywa maji, Mama. Na hii trekta oili ni moja tu, inalisha gia, difu na hydraulic ya ile mikono ya kunyanyulia. Ndiyo maana zote zimeugua pamoja."

Maji yalipitia wapi? Ile raba inayovalishwa chini ya lever ya gia ilikuwa imepasuka. Mvua ilikuwa inateremka moja kwa moja ndani.

Othieno akatoa sharti lake. Tunamwaga yote, tunachuja. "Tukikuta jino la gia humu, acha Hajji aje. Tukikosa, tunaosha, tunaweka mpya."

Akaiwasha kwanza ipate joto, maana oili baridi haitoki yote, inang'ang'ania ndani na uchafu wake. Akafungua nati ya chini ya gearbox. Beseni moja. Akafungua ya chini ya difu. Beseni la pili. Akaanza kujifuta mikono.

Nikamwambia, bado.

"Bado nini?"

"Bado beseni moja."

Akacheka. "Mama, kumbe ulisomea gearbox na hukutuambia?"

Sikusomea. Lakini miaka yote ile fundi wa mzee alikuwa Ojambo wa upande wa Kenya, naye sasa ni marehemu, na mimi ndiye nilikuwa napeleka mabeseni. Matatu. Ojambo analala pale chini anapiga kelele, "Mama Wandera, lete ingine!" Nati sikuwahi kuziona. Mabeseni nayakumbuka kwa sababu ni mimi niliyekuwa nayasugua.

Othieno akarudi chini na bisibisi, anakwangua tope lililoganda. Katikati ya zile nati mbili akakuta ya tatu, imezikwa.

Alipoilegeza, haikutoka oili. Yalitoka maji, wakuu. Maji matupu ya kutu, halafu uji mzito. Maji hukaa chini na mafuta juu, hiyo kila anayepika anaijua. Tungeiacha ile nati, tungemimina oili mpya juu ya maji.

Othieno hakucheka tena. Alisema tu, "Aisee, Mama."

Tukachuja kwenye shuka kuukuu. Nikaketi kwenye kigoda, naupapasa ule uji kwa vidole kama ninayetoa mawe kwenye punje za wimbi. Nikapata unga mweusi, laini. Othieno akasema huo ni wa kawaida, chuma kikisugua chuma lazima kiache unga.

Halafu kidole kikagonga kitu kigumu.

Wandera alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ndilo hilo jino, Mama." Hakusema kwa furaha, nimtetee mwanangu.

Othieno akakichukua, akakiosha kwa dizeli, akakiinua juani.

Kina tundu katikati. Ni washa, kile kipete cha kukaa chini ya nati!

Nilicheka mpaka machozi. Hiyo washa Ojambo aliitafuta siku nzima, enzi za mzee, akamshuku shemeji yangu Okumu, nusura washikane mashati. Okumu yuko hai. Nikampigia hapo hapo.

"Okumu, wewe si mwizi."

"Shemeji, si niliwaambia!"

Jino la gia hatukuliona hata moja. Basi tukaosha. Othieno akafunga nati, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo, akapandisha magurudumu ya nyuma kwa jeki na magogo. Akazungusha gia moja moja, taratibu, muda mfupi tu. Dizeli inaosha lakini hailainishi, ukiizidisha unaua ulichotaka kuponya. Tukamwaga tena nati zote tatu, tukaziacha wazi mpaka asubuhi. Chujio la hydraulic nikalisafisha mimi kwa mswaki. Raba mpya akaikata kwenye tyubu ya pikipiki.

Alhamisi tukaweka oili mpya. Wandera akapanda, akavuta lever ya kunyanyulia.

Mikono ya nyuma haikusogea.

Akavuta tena. Mikono ikatetemeka, halafu ikapanda polepole na plau yake, udongo wa zamani ukidondoka.

Othieno akapima, oili imeshuka kwa sababu hydraulic imekunywa yake, akaongeza. Wandera hakushuka hata kunishukuru. Akaelekea shambani, simu sikioni, engine inanguruma:

"Hajji, usilete lori! Nasema usilete! Iko shambani!"

Hajji naye mtu wa biashara. "Inalima kweli? Basi mje shambani kwangu Masafu, eka mbili zimenishinda."

Wakuu, nilichojifunza: usiite kitu skrapu kabla hujamwaga oili yote, ukaichuja, ukaipapasa kwa mkono wako. Na trekta ikisimama nje, ifunike lever ya gia hata kwa mfuko wa nailoni.

Sasa nisaidieni. Gia ya tatu bado inalia kidogo, na baada ya siku nne za kazi oili imeanza kufifia tena, siyo chai, ni kama maji ya kunde. Othieno anasema ni masalio ya maji, tumwage tena ikiwa ya moto. Wandera anasema tungoje msimu uishe. Mwenye trekta ya zamani aseme ukweli wake hapa, na aseme upesi, maana Jumanne tunakwenda kumlimia Hajji.