Siku Mashine Ilipoulizwa Ngoma Iko ya Nani

Mwalimu wetu wa takwimu hapa Kasongo alitufundisha kwa picha tulizopiga wenyewe vijijini: viti vya kuchongwa, vikapu, ngoma. Kwa kila picha tuliandika ukoo wenye kitu kile, kisha tukaifundisha ordinatere, yaani kompyuta, ibahatishe ukoo kwa kutazama tu. Ilipatia karibu kila mara. Nilijivuna, nikamsimulia shangazi yangu aliyeolewa kijijini Wamaza, naye akamsimulia kila mtu.

Ndiyo maana shefu wa kijiji chao aliniita. Ukoo wa mume wa shangazi na ukoo wa jirani zao walikuwa wakigombea ngoma moja ya zamani, na vijana walishaanza kutembea na mapanga. Nilifika kwa pikipiki, ordinatere nimeifunga katika plastiki na kuikumbatia kifuani, matope mpaka magotini.

Ngoma waliiegemeza kwenye ukuta wa matofali wa nyumba ya shefu. Nikapiga picha. Mashine ikajibu: ukoo wa mume wa shangazi. Wanawake wa upande wetu wakapiga vigelegele. Upande wa pili, mzee wa ukoo wa jirani alisimama, na vijana wakasimama nyuma yake.

Mimi nilikuwa bado naitazama picha. Matofali yale! Vitu vyote vya ukoo wa mume wa shangazi tulivipigia picha kwenye ukuta wa kanisa, wa matofali kama haya. Vya ukoo ule mwingine tulivilaza majanini.

"Naomba muipeleke pale kwenye majani," nikasema.

Shangazi akanikamata mkono. "Mutoto wangu, umekwisha kujibu. Nyamaza."

Lakini shefu aliamuru ngoma isogezwe. Nikapiga tena. Mashine ikataja ukoo wa yule mzee.

Kelele zikalipuka pande zote. Mtu alinisukuma, nikaangukia ordinatere nikiifunika kwa mwili. Shefu alipaza sauti mpaka wakatulia, kisha akanigeukia.

"Sasa wewe, ngoma iko ya nani?"

"Sijui, shefu. Mashine haijui ngoma. Inajua ukuta na majani tu. Hata jibu la kwanza lilikuwa bure."

"Umetoka Kasongo kuja kutuambia haujui?" aliuliza yule mzee. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka.

Ngoma ikaingizwa ndani kwa shefu, koo zote mbili zikakatazwa kuigusa. Shangazi hakunipikia. Dereva wa pikipiki alinirudisha kwa njia ya mashambani, kwa sababu vijana walikuwa wamejaa barabarani.

Niliporudi Kasongo, tulizikata picha zote tukabakiza kitu peke yake, tukaifundisha mashine upya. Ikaanza kukosea vibaya. "Angalau sasa tunaona inachojua kweli," mwalimu akasema.

Shefu alipofiwa na mama yake, aliitoa ngoma, na koo zote mbili zikaipiga kwa zamu. Hakuna aliyepigana. Shangazi ndiye aliyenipigia simu kunieleza. Tuliongea sana, juu ya msiba, juu ya mihogo iliyooza. Juu ya masomo yangu hakuuliza.