Msiba wa Babu Aliyekuwa Anakunywa Chai

Nianze na ujinga wenyewe, maana mkiusikia kwa wengine wataongeza chumvi: nilimwambia yule dada mwandishi kwamba mama amekubali tufanyie msiba wa uongo nyumbani kwetu. Mama hakukubali. Mama hakuulizwa. Mama alikuwa Sikonge kununua asali, na mimi nilishapanga mambo yangu vizuri: tunaanza asubuhi, tunamaliza kabla hajapanda basi, nafagia uwanja, nageuka mtoto mwema.

Dada mwenyewe ni mtu wa hapahapa Tabora. Alisoma hapa, akaenda Dar es Salaam, na sasa anaandika zile tamthilia za kwenye runinga ambazo zikianza mtaa mzima unanyamaza, hata nyumba za wale wanaosema hawaziangalii. Alikuja shuleni kwetu kufundisha kidato cha tatu kuandika. Tulitegemea mtu wa miwani na majivuno. Akaja dada wa raba na begi la mgongoni, akakaa juu ya dawati, akatuambia kuandika kwenyewe si kazi kubwa, kazi kubwa ni kuandika upya. Mwigizaji akiugua malaria, mhusika wake lazima apate safari ya ghafla. Mwigizaji akileta nyodo kazini, mhusika wake anagongwa na gari. Nilicheka mpaka nikatolewa nje, nikarudi kusikilizia dirishani.

Kisha akasema jambo lililoninyima usingizi. Atakayeandika sini moja, yaani kipande kimoja cha tamthilia, ambayo yeye akiisoma hatagusa simu yake, ataipiga kwa kamera, na ikitoka vizuri mwandishi wake atakwenda Dar likizo kukaa naye kwenye chumba cha waandishi. Kukaa tu na kusikiliza, labda na kuwamiminia chai. Lakini chumba cha waandishi! Mimi, ambaye maandishi yangu pekee yaliyowahi kupata wasomaji ni barua za kuomba radhi kwa mwalimu wa nidhamu!

Niliandika mzee kafa, wajukuu wanagombea baiskeli yake mbele ya maiti. Dada akaanza kusoma. Simu yake ikaita. Hakuigusa. Ikaita tena, akaigeuza kifudifudi. Moyo wangu ulikuwa unapiga ngoma ya harusi.

"Wewe mtundu, hii umeandika mwenyewe?"

"Mwenyewe, dada."

"Nyumba ya kupigia tunaipata wapi?"

"Kwetu."

"Na mama?"

"Ameshakubali."

Lilitoka lenyewe, laini kama mlenda.

Marehemu wa kwenye sini nilimchonga kutokana na babu yangu, baba yake mama, ambaye tunaishi naye. Nilimwomba awe maiti kabisa. Akauliza, "Nalala tu, sisemi?"

"Husemi, babu."

"Hiyo itanishinda."

Basi maiti ikawa blanketi lililoviringishwa, na babu tukamficha nyuma ya jiko na birika la chai na chapati, kwa sharti asionekane.

Siku ikafika. Turubai likapanda, viti vya plastiki vikapangwa, magogo yakawashwa uwanjani, akina mama wa jirani waliokubali kuigiza wakakaa mikekani na khanga zao. Yaani msiba ulipendeza kuliko misiba mingi ya kweli. Tulichosahau ni wapita njia. Kwetu, turubai na magogo yanayofuka ni tangazo tosha. Mtu hasimami barabarani kuuliza, anakata kona anaingia. Akaingia muuza mkaa, akaegesha baiskeli, akakaa, akainamisha kichwa. Wakafuata wengine. Mama mmoja akaja na beseni la unga.

Dada akaninong'oneza, "Hawa umewatoa wapi? Wako vizuri mno!"

Nami, mjinga niliyejaa upepo, nikajibu, "Watu wangu hao."

Halafu akaja mtani wa babu. Ni fundi baiskeli, Mzaramo, na Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka huku hadi pwani. Mtani hakai msibani kulia na wenzake. Kazi yake ni fujo: amwigize marehemu, azuie mazishi, akamate hata kuku wa watu, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Fundi alikuja mbio, mikono imejaa grisi. Nilimwona macho yake yalikuwa mekundu. Aliamini. Lakini kazi akaifanya.

Akajitupa chini mbele ya lile blanketi. "Haondoki mtu hapa! Mnyamwezi wangu hazikwi leo! Babu zake walitembea kwa miguu mpaka kwetu, mizigo kichwani, wakatumalizia ugali, wakarudi wazima! Huyu kafa amelala kitandani? Aibu gani hii!"

Akachukua kofia ya babu, akapanda baiskeli ya babu, akazunguka uwanja akiwa ameegemea upande mmoja kama babu, akisimama kukohoa na kuwasalimia akina dada kwa sauti ya babu. Wanawake walikuwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Mpiga picha wa dada alimkimbilia na kamera huku anaruka magogo. Dada ameng'ata ngumi yake mwenyewe, anasema, "Usikate! Usikate!" Mimi nilikuwa nimeshafika Dar, natafuta kiti cha kukaa.

Nyuma ya jiko sauti ikasema, "Mwongo! Mimi nakohoa hivyo?"

Nilikimbia nikamjaza babu chapati mdomoni.

Niliporudi, pikipiki ilikuwa imesimama nje, na mama anashuka. Kumbe mtu alimpigia simu akamwambia pole kwa msiba, jikaze, na mtandao ukakatika hapohapo. Njia nzima kutoka Sikonge alikuja na maneno hayo tu, asijue aliyekufa ni baba yake au ni mimi. Akaniona nimesimama. Basi akajua ni baba. Ndoo ya asali ikamtoka mkononi, akaenda moja kwa moja akapiga magoti kwenye blanketi.

"Baba, si ungenisubiri."

Alilisema polepole, kama anamwambia mtu aliyetangulia kula. Kamera ikamgeukia. Dada alidhani nimeleta mwigizaji mwingine. Na jamani, sini ilikuwa imetimia: mama amepiga magoti, fundi amesimama nyuma yake na kofia mkononi, hana utani tena. Nilijua nikinyamaza kidogo tu, Dar ni yangu. Nilinyamaza kidogo. Halafu mama akaanza kulifunua blanketi, nikashindwa. Nikaingia mbele ya kamera.

"Mama! Babu mzima! Ni filamu! Nimedanganya mimi!"

"Umezingua wewe!" mpiga picha akapiga kelele.

Mama alinitazama kama ninaongea Kichina. Babu akatokea, nusu chapati mkononi, akampita binti yake akaenda kwa fundi. "Vua kofia yangu."

Muuza mkaa alikimbia akaacha baiskeli. Fundi alipiga yowe, akatazama vizuri, akasema, "Mnyamwezi, hata kufa umeshindwa!" Kisha akamkumbatia babu na kulia kwelikweli, shati la babu likajaa grisi.

Mama akavua kandambili. Nilizunguka nyumba, yeye nyuma yangu, kamera nyuma yake.

Alipochoka, dada akamwendea akapiga goti. "Shikamoo mama. Nisamehe, niliambiwa umekubali."

"Marahaba. Na nani?"

Vidole vya msiba mzima vilinielekea.

"Picha yako siwezi kuitumia bila ruhusa yako," dada akasema. "Naifuta sasa hivi."

"Na huyu?" Mama alininyooshea kandambili.

"Sini yake ndiyo hiyo, mama. Ikifutwa, hana ya kwendea Dar."

Mama akasema anataka kuiona. Akatazama kile kioo kidogo cha kamera huku ameshika mkono wa shati la babu, kama kuna mtu atamnyang'anya. Kwa fundi alicheka kidogo. Alipojiona anapiga magoti hakucheka. Akaniona mimi naingia, mgongo wangu unaziba kila kitu. Muuza mkaa, aliyekuwa amerudi kufuata baiskeli yake, naye akasogea kuchungulia.

Akavaa kandambili. Akaokota ndoo yake, akaenda mpaka mlangoni pa jiko, akasimama hapo bila kugeuka. Nayaandika maneno yake kama yalivyotoka:

"Mwambie aitumie. Lakini pale mwisho yanapopita majina, aandike kwamba mimi sikuwa naigiza."