Mupishi Anamuchagulia Papa Kisu

Siku ya kwanza kazini, Citoyen Gérant, mukubwa wa duka, alinisimamisha mbele ya wafanyakazi wote, akatoa mu mufuko wa koti yake ya abacost vyuma viwili, akaviweka juu ya comptoir, meza ya kuuzia. Kimoja kilikuwa musumari, kingine vis, ule wa kuzungusha. "Citoyenne Nsimire," akaniuliza, "hivi vinatofautiana nini?" Nilikuwa nimetoka masomo juzijuzi tu, lakini mudomo wangu haujaogopa mutu tangu nizaliwe. Nikamujibu: "Huu unaupiga, Citoyen Gérant. Ile unaibembeleza." Watu wakaangua kicheko, Gérant mwenyewe akageukia dirishani tusimuone. Ndivyo nilivyoingia kazi mu quincaillerie ya barabara kubwa ya Ibanda, hapa Bukavu, wakati nchi inaitwa Zaïre na sisi wote tunaitwa citoyen na citoyenne, si bwana na bibi tena, karibu hata paka wa depot.

Nyinyi vijana munaona duka la vyuma ni fasi ya kununua kufuli na kwenda zenu. Wakati wetu ilikuwa kazi ya kujifunza. Nilianzia depot, nyuma kabisa, kupima misumari kwa kilo na kupangusa majembe kwa mafuta, sababu unyevu wa ziwa unaleta kutu hata kama umefunga mulango. Halafu wakanipandisha comptoir ya majembe. Siku za soko wazee wa Mudaka walikuja, wanagonga kila jembe kwa kidole na kusikiliza mulio wake, wanayagonga yote, halafu wanachukua lile la kwanza. Nilikuwa ninakasirika sana. Baadaye nikazoea, nikaanza kugonga na mimi.

Mutu aliyenifundisha kazi kweli alikuwa Chef de rayon, muzee mwembamba aliyesimamia vitrine, kabati la kioo la visu. Tulimuita Chef tu, hata kama hayupo. Aliniomba kwa Gérant akisema anataka mutu ambaye anaongea, sababu yeye alikuwa amechoka kuongea. Mu vitrine ile kulikuwa visu vya jikoni, visu vya wachinjaji, na juu kabisa, juu ya kitambaa chekundu, canif, visu vya kukunja vya mufukoni. Hivyo ndivyo watu walinunua kwa zawadi: ya papa, ya mukubwa wa kazi, ya kijana aliyepata diplome.

"Angalia," Chef aliniambia, akainua canif kwenye mwangaza wa dirisha. "Hapa mgongoni iko resori, chuma kinachoshika makali yasirudi kwenye vidole. Ukiona mwangaza unapita kati ya resori na makali, rudisha mu kitambaa, hicho si kisu. Fungua, sasa tikisa. Kinacheza?"

"Hakichezi, Chef."

"Funga. Umesikia?"

Nilisikia: ka! Mulio mukavu, mufupi. Kisu kibaya kinafunga kwa uvivu, kama mulango wa choo. Akanionyesha pia alama ndogo iliyochimbwa ubavuni mwa makali, fasi ya kutia ukucha ili kuyavuta nje, na misumari midogo inayoshika mupini wa pembe au wa mbao, ambayo ukipitisha kidole juu yake haupaswi kuisikia. Halafu akanipa sheria yake moja, na kwa sheria ile hakuwa na muchezo hata kidogo. "Muuzaji hachagui. Muuzaji anauliza. Mutu akisema anataka kisu kizuri, weye muulize ni cha mukono gani, na ule mukono unakata nini. Akikosa jibu, muambie aende kwanza kumuangalia mwenye mukono, halafu arudi."

"Na akienda kwa duka ingine?"

"Basi atakuwa amemununulia yule mutu chuma. Shauri yake."

Ayi, nilipenda kazi ile! Niliona maman mmoja anafunga macho pale mbele yangu akijaribu kukumbuka kama bwana yake anamenya miwa kwa kuume ao kwa kushoto. Niliona wakubwa wa ofisi wanarudi nyumbani mikono mitupu, wamekasirika, halafu kesho yake wanakuja wanacheka na jibu mu kinywa. Tulifunga zawadi kwa karatasi ya kaki, na kila mara nilikumbusha: kisu cha zawadi kinatolewa kimefungwa, mupini mbele, mikono miwili.

Sasa mujue papa yangu. Alikuwa mulimaji wa kahawa kule Nyangezi, mutu wa maneno machache na macho mengi. Wachumba wawili walikwisha kuja kwa ajili yangu. Wa kwanza alileta radio kubwa, papa akamuuliza anafikiri muzee kama yeye anapenda kusikiliza nini, kijana akamujibu bei yake. Wa pili alileta kofia, ikamukaa papa utosini kama sahani. Wote wawili walikunywa kasiksi yetu ya ndizi, wakashukuriwa sana, wakasindikizwa hadi barabara, kwisha.

Wa tatu alikuwa Mugisho, mupishi wa internat, bweni moja la wanafunzi kule Nyalukemba. Huyu nilimutaka mimi mwenyewe. Alikuwa munene kidogo, mupole, na akicheka mabega yote yanacheka. Papa aliposikia kazi yake akakunja uso.

"Mwanaume wa sufuria? Haya. Aniletee kitu kimoja, alichonichagulia yeye mwenyewe. Na weye, Nsimire, usitie mudomo. Nitakuuliza, na uso wako haujui kudanganya. Nikimurudisha na huyu, mambo ya watu wa muji yameisha. Shangazi yako iko na kijana wa hapa karibu."

Kijana wa shangazi nilimujua. Alikuwa mutu anayeongea akitafuna na kutafuna akiongea. Nilirudi Bukavu nimekaa juu ya magunia ya muhogo mu camionnette, ninaomba watakatifu wote, na wale nisiowajua majina pia.

Nilimupa Mugisho maneno ya papa na sikuongeza hata moja. Juma lile lile, nikiwa ninapangusa vitrine, nani anaingia? Mugisho, shati nyeupe, anatoa jasho. Akasimama mbele yangu akasema kwa sauti ya mukiriya mugeni: "Jambo, citoyenne. Ninatafuta canif ya zawadi."

Yesu wangu! Mu duka letu! Nikamuangalia Chef. Chef akaniambia polepole: "Huyu ni mukiriya. Uza kama kila siku." Alikuwa anajua hadithi yote, sababu mimi ninaongea.

Nikamuuliza: "Ni cha mukono gani?"

Mugisho akajibu bila kufikiri: "Mukono wa muzee mulimaji. Anakata matawi ya kahawa, anamenya miwa, anakatia wageni nyama. Na kidole gumba chake cha kuume hakina ukucha."

Ilikuwa kweli. Mulango wa hangari ya kahawa ulikuwa umekula ukucha wa papa mimi nikiwa mudogo, na papa alikuwa anakunja kidole kile kila mara, hata kwenye picha. Sisi watoto wake tulikuwa tumekwisha kusahau. Mugisho alikuwa amemusalimia papa mara moja tu, mulangoni mwa kanisa.

"Ya kidole ulijuaje?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Alinipa mukono," akasema. "Niliusikia."

Nikamutolea visu. Mukono wake ulikwenda kwanza kwenye kile kikubwa, chenye makali mengi, kifungua-chupa, mukasi, na sijui nini tena. Nyuma yangu Chef akaanza kukohoa. Nikamugeukia kwa jicho baya, maana papa amekataza musaada, na kikohozi ni musaada. Chef akaenda kukohoa depot. Lakini Mugisho alikuwa amekwisha kukirudisha. "Hiki ni cha kuonyesha batu," akasema. "Muzee hana batu wa kuonyesha. Iko na kahawa."

Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kuona mukiriya akifanya. Alikunja ukucha wake ndani, akajaribu kufungua kila kisu kwa nyama ya vidole tu, kama mutu asiye na ukucha. Kimoja kikakataa. Kingine kikakataa. Alijaribu vyote mpaka akafika kwenye kimoja cha makali moja, mupini wa pembe nyeusi, ambacho mgongo wa makali unatokeza kidogo juu ya mupini hata kikiwa kimefungwa. Akaubana kwa vidole viwili, akavuta. Kikafunguka. Akacheka na mabega yake yote, na mimi nikageukia dirishani kama Gérant.

Hapo ilibaki kukifunga mu karatasi tu. Kama angeniacha nikifunge mimi, nisingekuwa na hadithi. Akasema hapana, atakitengeneza kidogo kwanza nyumbani.

Siku ya kwenda Nyangezi tulifika asubuhi, ukungu bado uko juu ya vilima, watu wanavaa makoti. Papa alikaa kwenye kiti chake, mama yangu pembeni, shangazi mbele kabisa asikose kitu. Mbuzi alikuwa amekwisha kuchomwa. Mugisho akapiga magoti, akatoa kisu kimefungwa, mupini mbele, mikono miwili. Kama kitabu. Papa akakipokea, akakigeuza, akakitazama mgongoni. Nikaona anapenda ile pembe. Akabana makali kwa vidole viwili, akavuta.

Vidole vikateleza.

Akavuta tena, vikateleza tena. Akanusa mukono wake. "Hii ni nini?"

Mupishi wangu, bambe, alikuwa amekipaka mawese! Alitaka kilainike zaidi kwa ajili ya muzee, na mu jiko lake mafuta ni yale. Kule jikoni moto unawaka kutwa, mawese yanatiririka kama maji. Alisahau kwamba kisu kitasafiri alfajiri mu baridi ya milima. Mafuta yalikuwa yameganda ndani ya resori na juu ya makali, mazito, mekundu. Shangazi akapiga makofi: "Heee! Ameleta kisu pamoja na mboga yake ya sombe!" Watu wote wakacheka, isipokuwa papa, Mugisho na mimi. Mimi nilikuwa ninamuona yule kijana anayeongea akitafuna, anaketi karibu yangu maisha yote.

"Kwa nini mafuta?" papa akauliza.

Mugisho hakuinua kichwa. "Papa, niliogopa kitakutesa. Kidole chako hakina ukucha."

Kicheko kikakatika. Papa akanigeukia. "Nsimire?"

"Sikusema kitu, papa. Angalia uso wangu."

Akauangalia sana. Halafu akaangalia kidole chake, na mara ya kwanza hakukikunja. Mama akainama kutengeneza kitenge chake ambacho hakikuwa kimeharibika.

"Basi," papa akasema, "chuma kikipata joto kitafunguka." Akafungua koti, akatia kisu kwapani, akafunga koti. "Kuja ukae hapa. Tunangoja. Jikoni kwako munapika maharagi namna gani, mpaka watoto wanayamaliza?"

Wakangoja pamoja. Papa yangu, mutu wa maneno machache, aliongea asubuhi ile kuliko nilivyomusikia mwaka muzima: maharagi, kahawa, mulango wa hangari na namna alivyolia siku ile bila watu kujua. Mugisho alijibu, akauliza, akasahau kuogopa. Nyama ilipoa na hakuna mutu aliyethubutu kuigusa. Shangazi akasinzia.

Mwisho papa akatoa kisu, akakipangusa kwa pindo la koti, akabana, akavuta. Kikafunguka. Akakifunga tena ili tu kusikia ule mulio: ka! Akakifungua mara nyingine, akakata nyama ya mbavu, ile ambayo kila sikukuu alijiwekea mwenyewe, akaiweka mu mukono wa Mugisho.

"Mukwe wangu," akasema, "kula. Imepoa, lakini kula."

Nilipiga kigelegele mpaka shangazi akaamuka anauliza nani amekufa.

Baada ya pale nilifanya kazi miaka mingi. Chef alipopumzika nikachukua fasi yake, nikatumwa mu filiale, tawi letu la Uvira, kufungua rayon ya visu, nikarudi, nikazeeka mbele ya kioo kile kile. Siku ya kuacha kazi Gérant mwingine, kijana, alisema maneno mazuri kwa Kifaransa na nikalia kwa Mashi, luga ya kwetu. Sasa ninakaa nyumbani. Vijana bado wanakuja kuniuliza alama gani ya kisu ni nzuri, chuma cha nchi gani. Ninawaambia yale ya mwangaza, ya kutikisa, ya mulio. Ni kweli yote, na wanayaandika.

Lakini kazi ile ilinipa kitu kimoja ambacho siwezi kuwafundisha. Nilisimama mbele ya watu wakiwa wanamufikiria mutu mwingine, na nikauona uso wao. Wengi wanafikiri kidogo, halafu wanachoka. Mugisho alisimama pale mbele yangu, mwanamuke anayemutaka iko karibu ya kuguswa, na hakuniangalia hata kidogo. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye mukono wa papa yangu. Padri alitufungisha ndoa baadaye, sawa, aksanti yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa, nimesimama nyuma ya comptoir, kitambaa cha kupangusia kikiwa mukononi.