Kipande cha Shati Ndani ya Mtutu

Mmeniuliza mara nyingi kwa nini wazee wa Kimwani huniita Bwana Shati, nami siku zote nimewajibu kwamba ni kwa sababu nilikuwa mtu nadhifu. Nilikuwa nawadanganya. Lile ni jina la aibu, nililipata mchana kweupe mbele ya umati wa watu, na leo ninaona haya zaidi kuendelea kuwadanganya kuliko kuwasimulia.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa askari wa wanyamapori, chini ya mzungu tuliyemwita Bwana Nyama, aliyekaa Bukoba na kupelekewa malalamiko yote ya viboko na nyati wanaoharibu mashamba. Nilikuwa nimerudi kutoka vita ya Burma nikiwa na majivuno ya kutosha watu watatu, na ukinitajia bunduki tu, ulikuwa umenipa ruhusa ya kuzungumza mpaka chai yako ipoe.

Sasa yule bwana alikuwa na bunduki moja ya shabaha ya mbali, yenye darubini juu yake, ambayo mtutu wake ulikuwa umechakaa, akaipeleka kwa mafundi wa kwao Ulaya, ikarudi na mtutu mpya unaong'aa. Akanieleza kwamba mtutu mpya haupigwi ovyo, una vikwaruzo vidogo vya vyombo vya fundi ambavyo jicho haliwezi kuviona, na shaba ya risasi inanasa humo, kwa hiyo unapiga risasi moja, unasafisha mpaka shaba yote itoke, unapiga ya pili, unasafisha tena, hivyo hivyo mpaka risasi kumi, ndipo mtutu unalainika na kuanza kupiga mahali pamoja. Na kusafisha kwenyewe ni kwa ule ufito wake mrefu tu, unaoingizwa kwa nyuma, na kwa vile vitambaa vyepesi vya flana alivyovikata mwenyewe. "Si kwa kamba," aliniambia. "Kamba ni ya jeshini." Mimi nikaitikia, ndiyo bwana, huku moyoni nikisema huyu ananifundisha mimi bunduki.

Ilikuwa asubuhi, siku ambayo tulitakiwa kwenda Kimwani. Kule kulikuwa na kiboko, upande wa ziwa la Burigi, aliyekuwa amemuua mwanamume mmoja kwenye mtumbwi wake wiki mbili kabla, na watu walikuwa wameacha kuchota maji pale. Tukatoka kwanza mpaka kwenye bonde nje ya mji, bwana akalala juu ya gunia, akapiga, nami nikasafisha. Ile dawa ya kutolea shaba ilikuwa na harufu ya kuchoma pua, na kitambaa kiliingia cheupe kikatoka cha bluu, unaweka kingine, bluu, kingine, bluu hafifu, mpaka kitoke cheupe kama kilivyoingia, ndipo bwana anapiga tena. (Kazi hii inachosha kuliko kuchambua mchele.) Mpaka risasi ya kumi jua lilikuwa limepanda, na vile vitambaa nilikuwa nimevimaliza vyote, maana nilivitumia kwa ukarimu, hata mikono nilijifutia.

Hapo akaja tarishi kwa baiskeli kumwita bwana bomani. Bwana akasema, "Ezekieli, safisha mara ya mwisho, kausha, nikirudi tunaondoka."

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupanda kilima cha kurudi mjini mpaka ghalani kwetu kuomba flana nyingine, jua kali, na dereva wetu Mzee Saidi (mtu wa pale mjini, Mwislamu, mpole sana, ambaye babu yake alitoka pwani) akinitazama kutoka kwenye kivuli cha lori. Ya pili ni kuchomoa shati langu la kazi kutoka kwenye kaptula na kukata kipande cha pindo la nyuma, ambacho hata hivyo hukaa ndani na hakionwi na mtu. Nikakata. Na kwa kuwa ile khaki ilikuwa nzito na haikutaka kusukumwa na ufito, nikatoa mfukoni kamba yangu ya zamani ya jeshini, ile yenye kizito cha shaba mbele na kitanzi nyuma, nikaweka khaki kwenye kitanzi, nikadondosha kizito ndani ya mtutu, kikatokea mbele, nikavuta.

Ikaja nusu ya njia, ikagoma. Nikakanyaga gogo, nikavuta kwa nguvu zote. Kamba ikakatika pale pale kwenye kitanzi nami nikaanguka chali nikiwa na kamba mkononi, na khaki ikabaki katikati ya mtutu mpya uliotoka Ulaya. Nikasukuma kwa ufito, ndiyo kwanza ikajikunja ikakaza zaidi. Nikamwaga mafuta. Nikapuliza, jamani, nilipuliza bunduki kwa mdomo kama mtu anayewasha moto.

Mzee Saidi akaja polepole, akachungulia, akasema, "Humu hakuna mwanga, Ezekieli."

"Najua hakuna mwanga."

"Basi mwambie akija."

Na bwana akaja, anatembea haraka, uso mwekundu kwa yale waliyozungumza bomani, akauliza neno moja tu, "Tayari?" Nami nikajibu, "Tayari, bwana." Sijui lilitoka wapi lile neno. Nilidhani njiani nitapata nafasi ya kuichokonoa. Lakini alichukua bunduki, akaitia kwenye sanduku lake la ngozi, akalifunga kwa ufunguo, na ufunguo akauweka kwenye mfuko wa shati.

Njia yote kutoka Bukoba kwenda Muleba niliuangalia ule mfuko. Kule Burma nilimwona mwenzetu akipiga bunduki iliyokuwa na matope ndani ya mtutu, ikapasuka usoni pake, na hakuona tena mpaka tunaachana. Kwa hiyo msinifikirie kwamba sikujua. Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote ndani ya lile lori. Mzee Saidi alikuwa akinitupia jicho, halafu kwa sauti ya chini, bwana akiwa amesinzia kando ya dirisha, akasema, "Nikusaidie kusema?" Nikatikisa kichwa.

Tulisimama Ijumbi, nyumbani kwangu, kwa kuwa injini ilihitaji maji. Mke wangu alitandika mkeka, akatuletea ndizi na maharage, bwana akala vizuri, mimi sikugusa kitu. Nikapata ujanja. Nikasema, "Bwana, vumbi limekuwa jingi, nipe bunduki niipanguse kidogo." Akasema hapana, iko safi, hataki mtu aiguse tena mpaka kazi iishe, akanitazama, "Unaumwa?" Nikasema homa kidogo. Mke wangu alinifuata nyuma ya nyumba, migombani, akaniuliza kwa Kihaya nimefanya nini, maana alinijua. Nikamwambia sijafanya kitu. Akanishika shati kwa nyuma akasema limechomoka, nilirudishe ndani, nikaruka kando kama niliyeguswa na moto.

Tukafika Kimwani saa kumi kasorobo. Watu walikuwa wamejaa ukingoni, wanaume kwa wanawake, na mkungu, yaani mkuu wa kijiji, mbele yao amevaa kanzu na koti. Kando kidogo alisimama mjane wa yule aliyeuawa, Mama Justa, peke yake, amejifunga kanga kiunoni. Mkungu akaanza salamu ndefu za heshima za Kihaya, waitu hivi, waitu vile, na mimi nikajiambia akimaliza tu nasema. Hakumaliza. Mtu alinyoosha mkono kuelekea kwenye mafunjo, na kile kichwa kikubwa kikaibuka juu ya maji, masikio yanatikisika.

Bwana akafungua sanduku, akatia risasi, akapiga goti, bila kuchungulia mtutu, kwa sababu mtu anayemwamini alikuwa amemwambia tayari. Niliona shavu lake likilala kwenye kitako. Nikafungua mdomo, Kiswahili chote kikanitoroka, nikajisikia nasema kwa Kihaya, "Leka, leka." Umati wote ukanielewa kwamba nasema acha. Asiyenielewa ni mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa na kidole kwenye kifyatulio.

Nikamrukia. Nilishika mtutu kwa mikono miwili nikausukuma juu, tukaanguka wote wawili kwenye tope, kofia yake ikaelea majini, kiboko akazama, na watu wakakimbia huku na huku wakisema askari amerukwa na akili, mfungeni. Wanaume wawili wakanikalia mgongoni. Nikiwa na tope mdomoni ndipo Kiswahili kikarudi, nikasema, "Bwana, kitambaa kimekwama ndani."

Akatoa risasi. Akainua bunduki kuelekea mbinguni, akachungulia kwa nyuma. Nilitamani anitukane, hakunitukana. Akasema taratibu, "Ningekufa." Kisha akaongeza, "Na mimi sikuchungulia."

Tukaletewa maji ya moto kutoka kwenye chungu cha mtu aliyekuwa anapika jirani, yakamiminwa ndani ya mtutu, bwana mwenyewe akasukuma ufito akiugongagonga kwa kipande cha mti, na watu wakarudi mmoja mmoja, wakatuzunguka. Ilichukua nusu saa nzima. Ile khaki ikatoka, imekunjika kama kinyesi cha mbuzi. Bwana akaikunjua, na ndani yake, kwa wino mweusi, kulikuwa na namba yangu ya kazi, maana mashati yetu yalipigwa namba kwenye pindo la nyuma na mimi nilikuwa nimekata mahali hapo hapo. Akaisoma kwa sauti. Mkungu akanishika mabega, akanigeuza, na shati ambalo sasa lilikuwa nje ya kaptula likaonyesha tundu la mraba lililokatwa vizuri kwa kisu.

Walicheka. Sijasikia tena kicheko cha namna ile, kulikuwa na wazee waliokaa chini kwa kushindwa kusimama. Mzee Saidi peke yake aliinama kama anatafuta kitu kilichodondoka.

Mama Justa hakucheka. Alisogea mpaka mbele yangu, akaniangalia tope lilivyonitapakaa, akasema bila kupandisha sauti, "Mwanangu, hapa nimeshalia mara moja. Ulitaka nilie mara ya pili kwa ajili ya mtu aliyekuja kunisaidia?" Nilipiga magoti, nikabaki hapo mpaka alipoondoka.

Kiboko aliuawa kesho yake asubuhi, kwa risasi moja. Mtutu haukuwa umedhurika. Mimi nilinyang'anywa utepe wangu wa cheo na kwa mwaka mzima sikuruhusiwa kushika bunduki, nilishika fimbo, na kila nilipopita Kimwani mtu alininong'onea kuuliza kama shati langu ni zima.

Hayo ya shati nilishayazoea. Kinachoninyima usingizi mpaka leo ni kwamba siku ile bwana alinipa nafasi ya kusema, na Mzee Saidi akanipa, na bwana tena pale kwenye mkeka, na mke wangu migombani, watu watatu wanaonitakia mema, nami nilichagua kumwacha mmoja wao afe kuliko kukiri kwamba nilikuwa mvivu wa kupanda kilima. Tangu hapo mtu akiniuliza kama jambo liko tayari, hata kama ni maji ya kuoga tu, huwa nanyanyuka kwanza nikaangalie.