Udongo Uliopimwa

Wanawake wa kwetu wakishika mimba hula udongo. Si siri wala si aibu. Mama yangu aliula, mimi niliula kwa mimba zangu zote, na anayejifanya haujui, mpekueni ncha ya khanga yake.

Huku kwetu Mbeya, upande wa dhahabu, tunauchimba kwenye kona ya mto. Mvua zikikatika mto unarudi nyuma na kuacha tope laini kama unga wa muhogo. Unalikanda, unalifinyanga vidole vidole, unalikausha juu ya uchanja wa jikoni mpaka linukie moshi. Moshi ndio unaomwita mwenye mimba.

Makarasha yalipokuja huko juu, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, watu wakawa wanaosha mchanga wao kwa zebaki na kumwaga mtoni. Maji yakabadilika rangi, tukayaacha, tukachimba kisima. Udongo hatukuuacha. Tulisema maji hupita na uchafu wake, udongo ni udongo.

Ndipo wakaja watafiti wa chuo. Mwalimu wao alibaki karibu na gari, kivulini. Aliyeingia topeni ni binti mmoja mwenye mabuti, akachota tope pale pale kwenye kona yetu, akajaza vikopo, akapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu. Tukauliza wanatafuta nini. Mwalimu akasema metali nzito kwenye mashapo. Mwenyekiti wa kijiji akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Hakuelewa, na sisi hatukuelewa. Mwenyekiti akatuonya tusing'oe vigingi. Majibu yataletwa, wakasema, wakaondoka.

Sasa sikieni tulivyofanya. Jirani yangu muuza udongo aliona vigingi vimepigwa penye tope laini tupu, lile lile tunalolichagua sisi. Akachimba hapo. Siku ya gulio akawa ananadi udongo wa vigingi, udongo uliopimwa na wataalamu. Chekeni, lakini nyama ikishapigwa muhuri na bwana afya, si mnaila? Muda si muda ikawa udongo mwingine haununuliki. Wajawazito wanauliza kwanza, huu ni wa vigingi?

Nami nina mjukuu niliyemlea mwenyewe, ameolewa Ilula, anauza nyanya barabarani. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ya tatu iliposhika, mama mkwe wake akawa anamhesabia hata kikombe cha chai. Akanipigia simu, akasema udongo wa Ilula upo, ila hauna moshi wangu. Nikamchagulia ule wa vigingi. Kwa mimba ile sikutaka kubahatisha. Nikaukanda, nikaukausha, nikamkabidhi kondakta wa basi. Ukiisha, ananiambia, natuma mwingine.

Kiangazi kilipokaribia kuisha watafiti wakarudi. Walinikuta ndani ya shimo, jembe mkononi. Kigingi kilikuwa kimebaki kimesimama peke yake kwenye kichuguu cha udongo, maana tuliambiwa tusiking'oe, nasi hatukuking'oa. Yule binti akazunguka lile shimo, akaniamkia, akauliza kama tunafinyanga vyungu.

"Tunakula," nikamwambia.

Akacheka. Alidhani bibi wa shamba anamtania. Aliponiona sicheki, akauliza, "Nani anakula?"

"Wenye mimba. Si mliupima nyie?"

Alikaa chini pale pale, na mabuti yake. Akasema maji ndiyo yanayopita, bibi, zebaki inazama na kukaa kwenye tope, tena tope laini ndilo linaloishika zaidi. Ndiyo maana walipiga vigingi hapo. Mtoto aliye tumboni ndiye wa kwanza kuumia.

Nikamuuliza majibu yalitoka lini. Akamtazama mwalimu wake. Mwalimu akasema yalitoka kitambo, yakapelekwa wilayani kwa utaratibu, yeye hana ruhusa ya kuyatangaza kijijini. Alilisema hilo kwa upole kabisa. Nimeshatukanwa maishani, lakini upole ule sijausahau.

Nikapanda kilima kutafuta mtandao. Mjukuu alipokea anatafuna, nikasikia.

"Tema," nikamwambia.

"Bibi, huu si uliopimwa?"

"Umepimwa. Tema."

Alijifungua mvua zilipochanganya. Nikaenda Ilula. Mtoto wa kiume, uzito mzuri, nesi akasema hana tatizo. Lakini nimelea watoto wengi, sihitaji nesi kunionyesha mtoto. Huyu akinyonya, mkono wake wa kushoto unatetemeka. Ukipiga makofi karibu na sikio lake hashtuki upesi. Mama mkwe akasema ni gesi tu, akampaka mafuta. Mama yake ananiangalia mimi.

Yule binti alikuwa ameniachia namba yake. Nikampigia nikiwa uani, nikamwambia wale watu wa mashine za kupimia waje Ilula wampime huyu mtoto, kama walivyokuja kona ya mto na gari lao na vikopo.

"Bibi, mradi wetu ni wa tope," akasema. "Watu hawamo."

Nikamjibu kwamba tope lenyewe hili hapa, limevishwa kofia ya sufi, linanyonya. Akaanza kulia. Sikumbembeleza. Nilikata simu, nikarudi ndani kumpokea mtoto, maana mama yake alikuwa anataka kwenda kupanga nyanya barabarani kabla mabasi ya asubuhi hayajapita.