Mama Mkwe Aliponisikia Kwenye Jumba la Filamu

Mama mkwe alikuwa ametoka Sirisia kuja kwetu Kitale kutibiwa macho. Daktari alimwambia asirudi nyumbani mpaka amwone tena, na kukaa kwake kukawa kurefu kuliko tulivyopanga. Jumamosi moja dada yangu alikuja kunitembelea, nikaona tumtoe mama kidogo asishinde akitazama ukuta. Tukaenda kwenye makumbusho ya filamu, ambayo familia moja ya Kihindi imeyafungua ndani ya sinema ya zamani ya babu yao.

Mwenye jumba, mama wa makamo, alituonyesha mashine za kuonyeshea picha, na mikanda ambayo mafundi waliikata kwa mkasi na kuiunga kwa gundi. Mama mkwe aliupapasa mkanda mmoja kwa vidole.

"Kumbe sinema ni kazi ya kushona," akasema.

Tulipofika ukumbini alikuwa amechoka, nikamkalisha kati ya watazamaji wengine, mbele ya skrini iliyokuwa ikionyesha filamu za zamani zisizo na sauti. Mimi na dada tukaingia chumba cha kioo cha kutengenezea sauti za filamu. Kulikuwa na sinia la kokoto la kukanyagia, bati la kutikisa lingurume kama radi, na maiki ikining'inia juu yetu. Tulikanyaga, tukatikisa, tukacheka kama wasichana.

"Sasa huyo mgeni wako anaenda lini?" dada akauliza.

"Nitajuaje? Ati anaugua macho. Lakini sufuria yangu ikibaki na doa, si analiona akiwa mlangoni! Nimechoka, bana. Siku hizi hata chai nakunywa nimejificha jikoni."

Ukumbini watu waliangua kicheko. Tukadhani wanachekea filamu, mpaka mwenye jumba alipofungua mlango.

"Samahani, mama," akaninong'oneza. "Hiyo maiki inasikika huku nje."

Nilitoka. Kwenye skrini kulikuwa na mwanamke akiongea kwa hasira bila sauti, nikaelewa kwamba maneno yangu yalikuwa yametokea mdomoni mwake. Mama aliketi pale pale, mkoba mapajani. Watu walipoona nikimwendea, wakanyamaza wote, na hicho kimya ndicho kilichonimaliza.

"Mama," nikaanza.

"Picha sikuona vizuri," akasema. "Sauti ndiyo nilisikia. Twende nyumbani."

Jioni alimwambia mume wangu kwamba anawawaza ng'ombe wake, na kesho anataka kurudi. Mume wangu akamsihi abaki, kisha akaniangalia nimsaidie kumbembeleza. Nikainamia sahani. Mama angeweza kusema neno moja tu. Hakusema.

Wiki iliyofuata nilikwenda Sirisia peke yangu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, lakini nilipomwona akipapasa meza kutafuta kikombe cha kunipa, yote yakapotea.

"Mama, nisamehe. Nilisema vibaya."

"Nilikusamehe hata kabla hatujatoka pale," akasema, akinimiminia chai polepole.

"Basi turudi wote. Daktari anakungoja."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Nimepata daktari hapo Bungoma mjini. Msichana wa jirani atanipeleka."

Hakusema kwa hasira. Nilibaki nimekishika kile kikombe. Kumpeleka hospitali ilikuwa kazi yangu, mke wa mwanawe, na sasa ingefanywa na mtoto wa watu.