Makoti ya Tume na Harpsikodi ya Mwalimu Ebe

Mara ya tano sasa mnanijia na neno lilelile: tueleze habari za Mwalimu Ebe. Kwani wasomi wameisha? Mimi darasa nililiacha mapema, kalamu naishika kama mwiko. Lakini wasomi wenyewe wameandika gazetini kwamba siku ile "muziki uligusa nyoyo", na maneno hayo yamenikwama kooni. Haya, kaeni.

Ebe Lepasaar alizaliwa mji wetu huu wa kusini, binti wa mwoka mikate, na hadi umri wa miaka kumi na tisa alipiga piano kama watoto wenzake, bila kumdhuru mtu. Kisha akaenda kusoma Tallinn, mji mkuu wetu sisi Waestonia. Huko, kwenye stoo ya makumbusho, akakutana na harpsikodi, kinanda cha kale kisichogonga nyuzi bali huzichuna kwa ncha ya unyoya. Akabonyeza mara moja tu. Akapotea hapohapo.

Zilikuwa enzi za Warusi, na kitu kama hicho hakikuuzwa dukani. Mjomba wake Oskar, fundi wa madirisha, akamchongea kimoja kwa mbao za kabati la harusi la bibi yake. Manyoya ya kunguru Ebe aliyaokota mwenyewe nyuma ya kituo cha treni, ameinama na koti lake zuri, na watu wakipita wanageuza macho kwa adabu.

Akarudi kufundisha shule ya muziki ya hapa, miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi hawakuwahi kuzidi wanne, na mmoja wao alikuwa Heldur, mstaafu wa posta.

Ndipo tukaletewa mkurugenzi mpya, Urmet, kijana wa viatu vyenye ncha. Akaja na kinanda cha umeme kwapani.

"Mwalimu, hiki kina sauti mia mbili. Bonyeza namba saba, harpsikodi hiyo. Na hakitaki kunguru."

"Namba nane je?"

"Mbwa anabweka."

"Basi wewe anza na hiyo, itakukaa."

Urmet akaita tume kutoka Tallinn, ije mwezi wa pili kusikiliza tamasha na kuamua kama darasa la Ebe libaki au lifungwe. Fomu yao ilikuwa na swali moja zito kuliko yote: wasikilizaji waliitikiaje? Swali la kumuulia mtu darasa hilo. Sisi kitu kikitupendeza kupita kiasi tunasema "si kibaya", na hivyo ndivyo tunavyomsifu hata bibi harusi. Muziki tunausikiliza kama watu wanaongoja zamu kwa daktari wa meno. Ebe alilijua hilo, akakosa usingizi wiki nzima.

Juu ya hayo, Urmet akaamuru ukumbi upashwe joto kama sauna, wageni wasije wakaugua. Harpsikodi na joto ni mtu na adui yake. Wimbo wa pili hauishi, sauti zimeshakwenda kombo. Basi asubuhi ya siku yenyewe, nje ni digrii ishirini chini ya sifuri, Ebe akazunguka ukumbi na kufunga vipasha joto vyote, kimoja kimoja.

Watu sitini wakafika, wakayakabidhi makoti kwa Salme, mtunza makoti, maana kwetu kuketi ukumbini na koti ni utovu wa adabu. Mkuu wa tume, Bwana Raudvere, koti lake halikuwa na kitanzi cha kutundikia. Salme akalishika kwa vidole viwili kama panya mfu.

"Bwana mkubwa mzima, koti halina kitanzi! Mkeo hana sindano?"

"Sina mke, mama."

"Naiona sababu."

Wakaingia, wakaketi, wakaanza kutoa mvuke puani. Hakuna aliyelalamika, kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayeona baridi. Urmet akatoka mbio.

"Bi Salme, wape makoti yao!"

"Makoti hutoka tamasha likiisha. Kanuni iko ukutani pale, na sahihi ni yako."

Ebe akapiga wimbo wa kwanza, vidole vimekufa ganzi. Alipomaliza, makofi! Si yale yetu matatu ya heshima. Ya haraka, ya nguvu, na miguu ikigonga sakafu. Moyo ukamruka. Kila wimbo yakazidi. Wimbo wa mwisho ulipoisha, ukumbi mzima ukasimama kwa pamoja na kuelekea mlangoni. Salme alikuwa amesimama mlangoni hapo, funguo mkononi.

"Mwalimu yuko bado jukwaani. Nani anatoka?"

Ikabidi waendelee kupiga makofi. Ebe akalia. Akaketi tena, akawaongezea nyimbo mbili.

Heldur peke yake hakusimama. Alikuwa na sweta mbili, anamjua mwalimu wake. "Si kibaya," akasema.

Baadaye Ebe akamfuata Salme. "Uliona machozi yao?"

Salme akaitazama ile mikono iliyogeuka bluu. "Niliyaona, mwanangu. Yalikuwa yanaganda."

Darasa likabaki. Raudvere aliandika kwamba hajapata kuona wasikilizaji walioitikia namna ile, na kwamba sanaa kama hiyo inastahili ukumbi wenye mitambo mipya ya joto. Mitambo imeshawekwa. Ebe ameshajua swichi iko wapi.

Basi nimewaeleza, na bure sikueleza. Tamasha ni Jumamosi ijayo. Wewe unayesoma, chukua sindano sasa hivi, ushone kitanzi cha koti lako, kisha uje.